Kwa Sikudhani, Kuhusu Lile Waridi

Mwanangu Sikudhani,

Umetoka sasa hivi kwenda mjini Mwanga kuchukua nguo kwa fundi, na kwa jinsi ninavyomjua fundi yule, utamkuta bado hajatia vifungo. Kwa hiyo muda ninao. Sanduku lako liko mlangoni, baba yako amelifunga kamba utadhani treni itafika Tabora ikilibiringisha. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kuswali kwa wakati na kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia mpaka umechoka. Nataka kukuandikia habari ya waridi, kwa sababu tangu siku ile kule kwenye nyumba ya wageni, mimi na wewe tumekuwa tunaongea habari za chumvi na maji tu, na sitaki kesho upande treni ukiwa na nusu ya jambo.

Nianze kwa kukuambia wazi kwamba hasira yangu haijaisha. Kila anayepita hapa ananiambia, Mama Siku, sasa yamekwisha, tulia. Yamekwisha kwa nani?

Waridi lile lilipokuja kwetu ulikuwa bado hujaanza shule. Siku hizo nilikuwa napanda Kalinzi kuuza dagaa wakavu, napita nyumba kwa nyumba kwenye mashamba ya kahawa. Kulikuwa na mama mmoja kule, Mama Nestori, mjane, mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Mbele ya nyumba yake nikakuta maua ambayo sikuwa nimewahi kuyaona. Hayakuwa yale mawaridi marefu yanayotambaa ukutani na kutoa ua moja moja. Haya yalikuwa mafupi, yananifika gotini, yamejikusanya, yamejaa maua kwa vishada. Kishada kimoja kilikuwa na rangi tatu: yaliyofunguka asubuhi ile yalikuwa ya manjano, ya jana ya chungwa, na yanayozeeka yalikuwa mekundu. Nilitua ndoo nikasahau kilichonipeleka.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha chao. Nikaitikia, macho yangu bado yako kwenye maua.

"Unayataka?"

"Mimi nakaa Ujiji, Mama. Kando ya ziwa kabisa. Kwetu ni mchanga na jua."

"Sikukuuliza unakaa wapi," akasema, akaingia ndani kuchukua kisu.

Alinikatia vijiti akavifunga kwenye jani la mgomba lenye maji. Nilishuka navyo kifuani, sikutaka kuviweka kwenye ndoo iliyokuwa na harufu ya samaki.

Vile vya kwanza vilikufa vyote. Nilivipanda kama ninavyopanda mchicha: jivu la jikoni, samadi mbichi, na maji ya ziwa asubuhi na jioni, nayamwaga juu kama mvua. Majani yaligeuka manjano, mishipa yake ikabaki kijani, kisha yakapata madoa meusi yakaanguka. Baba yako akasema, kwa upole wake ule unaonikera, labda ua la milimani halitaki watu wa huku chini. Nikapanda tena Kalinzi. Mama Nestori akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niache jivu, na maji ya ziwa nioshee vyombo, maana waridi linayaona makali. Akanikatia vijiti vingine, akanijazia na gunia la maganda ya kahawa yaliyooza.

Nilianza upya. Nilichimba mashimo mapana, nikatia samadi iliyokaa mpaka haina harufu, nikafunika juu kwa maganda ya kahawa ili jua lisiunguze mizizi. Maji nikakinga ya mvua kwenye pipa chini ya bati, na kiangazi nikachota ya kisima, namwaga chini kwenye shina, asubuhi, bila kulowesha jani. Mchanga wetu haushiki kitu, mbolea inazama kama maji, kwa hiyo ndani ya kila shimo nilitandika kipande cha wavu chakavu wa dagaa, ule wenye matundu madogo, wa bluu, ambao baba yako alikuwa anautupa. Na kila mwaka niliyakata mpaka yakabaki visiki. Majirani waliona nimechanganyikiwa. Lakini mafupi yale hayakuvunjwa na upepo wa ziwa uliokuwa unalaza mipapai yao, na baada ya miaka tuta langu lilianzia barazani likashuka mpaka njia ya watu waendao kwenye mitumbwi. Wavuvi wakirudi walikuwa wanalitumia kama alama. Wenye harusi walikuja kuomba. Mtoto wa mtu akizaliwa, walikuja kuomba. Wewe mwenyewe ulijifunza rangi pale, kabla ya mwalimu.

Sikuambii haya ili unisifu. Nakuambia kwa sababu siku ile mwenyekiti wetu wa mtaa aliniambia, "Mama Siku, hilo ni ua tu." Na wewe baadaye ukanirudishia neno kama hilohilo.

Maji yalipopanda, hiyo unaikumbuka. Yaliingia kwanza kwa majirani wa chini, kisha kwenye tuta, kisha tukaamka tukakuta sufuria zinaelea. Ziwa sikulilaumu. Ziwa halina adabu wala ubaya, linakuja na kuondoka. Waliokuja na karatasi ndio walionifunza jambo. Walisema eneo lile ni la hatari na ni hifadhi ya ziwa, kila mtu abomoe aondoke. Mwenyekiti alisimama juu ya kiti, maji yanapita chini yake, akasema, "Hakuna mtu atakayejenga hapa tena, awe nani, awe nani." Tukamwamini. Tukabomoa kwa mikono yetu. Baba yako aling'oa bati moja baada ya jingine kwa taratibu, kama anaivua nyumba nguo. Mimi na wewe tulichimba mashina yaliyokuwa bado hayajazama, ukayabeba kwenye karai kichwani. Lile kubwa, shina la kwanza kabisa kushika, lilikuwa ndani ya maji kiasi kwamba ni ncha tu zinaonekana. Ukasema, "Mama, hilo tuliache, limeshakufa." Tukaliacha.

Tukahamia huku juu, kwenye vyumba hivi viwili. Hatukupewa kitu. Kulikuwa na watu wanaolia kwa sauti na mimi nikiwaona hawana subira. Nikasema ni amri ya Mungu. Nilikuwa najisikia mtu mwema siku zile, Sikudhani, na leo nikikumbuka wema ule nataka kutema mate. Kupanda kwa maji kulikuwa amri ya Mungu. Karatasi ziliandikwa na watu.

Maji yakarudi. Tukaanza kuona malori ya mawe yanashuka palepale. Ukapanda ukuta, kisha ghorofa moja, kisha vibanda vya makuti vya kukalia wageni, na geti jeusi. Mwenyewe akawa Bwana Gervas, mtu aliyekuja kutoka nje ya mkoa, mtaratibu, anasalimia kila mtu. Kisimani tukanung'unika. Tukifika majumbani tukanyamaza. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aseme.

Ulipomaliza kidato cha sita, ukakaa unangoja chuo, ukapata kazi ya mapokezi kule, nilifurahi. Sitaficha. Nilikupigia pasi ile sare ya kijani na ile skafu ya shingoni. Nikajiambia, basi angalau kitu kimoja kinaturudia. Wiki ileile uliondoka umesahau simu, nikakuletea. Mlinzi akaniambia, "Mama, subiri hapo nje, huku ni kwa wageni." Nikasubiri getini, mahali ambapo palikuwa na jiko langu. Geti lilikuwa wazi kidogo. Nikaliona.

Nilijua kabla sijaona ua. Nililijua kwa jinsi lilivyoinama upande wa kulia, kwa sababu upande wa kushoto lilikuwa linapigwa na upepo tangu likiwa kijiti. Lilikuwa limefufuka kwenye mchanga, likazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kando yake kibao: Usiguse Maua. Ulipotoka kuchukua simu uliniona nimeduwaa, ukaniuliza kama naumwa. Nikasema jua.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Nilimwambia baba yako peke yake. Akasema, "Mtoto ana kazi pale." Nikasema najua. Akasema, "Basi unajua." Akatoka kwenda kutengeneza injini za watu. Najua alichotaka kusema. Na nilijaribu kukifuata. Lakini kila nilipotaka kulala nilikuwa naona kile kibao. Nisiguse.

Siku nilipokuja na jembe na karai kilikuwa kiangazi, saa za mchana, wakati mbaya kuliko wote wa kung'oa waridi. Mlinzi akaniuliza naelekea wapi.

"Naja kuchukua changu."

Akadhani nakuja kwako, akafungua. Wageni walikuwa kwenye vibanda wanakula, watu wa semina, wana vitambulisho shingoni. Nilipiga magoti nikaanza kuchimba. Nilikuona umesimama kwenye mlango wa mapokezi, mkono mdomoni. Nilikuona vizuri. Nikaendelea.

Bwana Gervas alikuja bila haraka. "Shikamoo, Mama. Kuna shida gani?"

"Marahaba. Hakuna shida. Nachukua waridi langu."

"Waridi lako? Mama, hili nimelikuta na kiwanja. Nimenunua na kiwanja."

"Umenunua kwa nani?"

Akatabasamu kuwaelekea wageni. "Kwa wenye mamlaka."

"Sisi wenye mamlaka walituambia hapajengwi tena."

Akapiga simu. Mwenyekiti akafika kwa pikipiki, jasho linamtoka, akainama karibu na sikio langu kama anayenipa pole. Ndipo aliposema ni ua tu, na kwamba nisiwatie aibu mbele ya wageni. Nikamwambia aibu siileti mimi, mimi naichimbua. Akasema, sasa kwa sauti ya kusikika, "Una ushahidi gani kwamba ni lako? Maua yanaota kila mahali."

 Nilikuwa nimeshafika chini. Nilivuta, likatoka na bonge lake, na mizizi yote ilikuwa imepita kwenye matundu ya wavu wa bluu wa dagaa, imeshonana nao, huwezi kuvitenganisha. Nikaliweka kwenye karai miguuni pake. Mwenyekiti ni mtoto wa mvuvi. Aliutazama ule wavu akatazama pembeni.

Mama mmoja wa semina alimuuliza mwenzake, "Kumbe hapa palikuwa na nyumba za watu?" Bwana Gervas alisikia, na hapo ndipo utaratibu wake ulipomwisha. Akasema, "Chukua, uondoke. Na binti yako aache sare."

Hilo ndilo sitamsamehe. Shimo lile lilikuwa langu, ugomvi ulikuwa wangu, mikono yenye mchanga ilikuwa yangu. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni hujasema neno. Mtu mzima, mwenye ghorofa, akashindwa kunijibu mimi akamgeukia mtoto. Uliingia ndani ukatoka umevaa fulana yako ya ndani na kanga uliyoazimwa na mpishi, ukanifuata nyuma njia nzima. Pale kisimani ukasema, "Mama, umeniaibisha kwa ajili ya maua."

Nilitaka kukujibu siku ile. Nilishindwa kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake. Sijutii kuling'oa; kesho lingekuwa pale ningeling'oa tena. Lakini ilikuwa haki yako nikuambie kwanza, asubuhi, kabla hujavaa ile sare, ili uchague mwenyewe utasimama wapi. Nilikutendea kama walivyotutendea sisi. Nilikuamulia, nikakuachia uondoke na ulichovaa. Kwa hilo tu, naomba radhi. Hilo lililobaki nitalibeba mwenyewe bila kuona haya.

Na ujue kilichotokea baadaye, maana ulijifungia chumbani hukutaka kusikia. Waridi lilipukutisha majani yote. Baba yako, yuleyule aliyesema mtoto ana kazi pale, akalijengea kivuli cha mkeka. Kule kisimani wenzangu wakaanza kusema majina ya vitu. Mmoja alisema mlango wake, ule wa mninga, ameuona kwenye stoo ya nyumba ile. Mwingine akasema kisima wanachochotea wapishi kilichimbwa na marehemu mume wake. Kwenye mkutano wa mtaa Mzee Ramadhani, ambaye tangu tuhamishwe hajawahi kufungua mdomo, alisimama akauliza, "Mwenyekiti, kile kiwanja kiliuzwa na nani?" Mwenyekiti akasema ajenda zimekwisha. Watu hawakuinuka. Walikaa palepale chini mpaka yeye ndiye akaondoka. Tangu hapo tumekuwa tunakwenda ofisi ya ardhi, kila wiki, akina mama tunatangulia. Hatujajibiwa. Tunaambiwa anayehusika amesafiri. Sijui kama tutapata chochote, na sitakudanganya uende na matumaini ambayo mimi sina. Lakini sinyamazi tena nikirudi nyumbani.

Huko chuoni watakuwepo watu wataratibu. Mimi wakali sikuwahi kuwaogopa. Wataratibu ndio walionipata, kwa sababu mtu akikuamkia vizuri unaona haya kumuuliza swali. Nilipoteza miaka kwa kuona haya. Utakuwa mwalimu, watoto watakuuliza maswali ya kukuudhi. Waache waulize.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Lakini umerudi. Umeingia na mfuko wa fundi, umesema shikamoo, ukaniona na kalamu.

"Unaandika nini, Mama?"

"Barua."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Si niko hapa?"

 Ukaweka mfuko chini, ukaketi kwenye mkeka, ukaanza kukunjua nguo, ukazikunja tena. Kisha ukasema bila kunitazama, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Lile waridi. Siku ya kwanza tu alinituma nilimwagilie. Nikajua ni la kwetu. Wageni walikuwa wanauliza nani kalipanda, akaniambia niwe nasema ni mke wake. Nikawa nasema." Ukaivuta nguo mapajani. "Nilikuwa nasema na kucheka kabisa, Mama."

Ulilia, na mimi sikukunyamazisha. Baba yako alichungulia mlangoni akaondoka. Sasa umelala hapa pembeni yangu, umeweka kichwa kwenye nguo mpya, zitajikunja zote. Nimerudi kwenye karatasi kwa sababu kinywani sikuwa na maneno, na nataka uyakute ukifika huko.

Niliyasikia, Sikudhani. Ulikuwa na kazi yako ya kwanza na bosi wako wa kwanza, ukaambiwa useme uongo ili upate kula. Aliyekuweka pale alijua anachofanya. Hasira ninayo, na nitaendelea kuwa nayo kila wiki pale ofisini. Lakini ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Usiibebe hata kipande chake kwenda nacho Tabora.

Mama yako.